Nani Atakuwa Amesimama

3 Machi

Mdogo wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Wifi yako ameng'oa lile jino hatimaye na sasa anaongea kama mtu aliyekuwa amefungwa jela, hataki kunyamaza. Wanangu wamefunga shule. Dukani kazi ipo: ile shule ya ghorofa imenipa madirisha yote ya upande wa barabara, ila mkuu wa shule anataka kunilipa kwa shukrani. Mama hajambo. Nimemkatia kioo kikubwa pale chumbani kwake, anakaa dirishani tangu asubuhi, jioni ananipa ripoti ya nani kapita na nani kampita nani bila salamu.

Nakuandikia barua pepe kwa kompyuta ya dukani badala ya kupiga simu, na sababu unaijua. Simu ikilia, mama anataka iwekwe spika, na kuna mambo yanatakiwa yakubaliwe kabla hajayasikia. Tena mara ya mwisho mimi nilipandisha sauti, wewe ukakata. Hapa hakuna sauti wala kukata.

Jambo lenyewe ni hili. Nimenunua tiketi ya mama kuja kwako. Kuja na kurudi, miezi mitatu. Sikumwomba mjomba wala sikukopa popote. Nimekata vioo Jumapili tangu mwaka jana mwezi wa saba, na wewe unajua Jumapili kwangu ni kitu gani. Miaka saba hajakuona ila kwenye picha, imetosha.

Ndege inaondoka huku tarehe 13 Juni saa tatu usiku, inatua kwenu tarehe 14 saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimeichagua hiyo makusudi. Mama atalala njiani, akiamka amefika.

Sasa limebaki neno moja tu kutoka kwako. Wewe hukuwahi kuisikia hadithi hii kwa kirefu kwa sababu ulikuwa tumboni, lakini mimi nilikuwepo nimeshika sketi yake. Mama alipomfuata baba kule kwenye kazi yake ya kwanza, baba aliahidi kutupokea stendi. Tulikaa juu ya mabegi mchana wote na usiku wote. Baba alifika kesho yake adhuhuri, nywele zimetiwa mafuta, anasema alidhani leo ndiyo Jumatano. Tangu hapo mama hatoki mlangoni kwenda popote mpaka anayempokea atamke mwenyewe: nitakuwa nimesimama. "Nitakuja" haitoshi, "nitajitahidi" ndiyo kabisa. Hata akienda kwa shangazi, mtaa wa pili, anadai neno hilo.

Basi liandike nimsomee. Ni maneno mawili tu.

Kaka yako,
Fundi Vioo


27 Machi

Kaka, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa, kazi imenibana. Mpe wifi pole na hongera kwa pamoja. Watoto wabusu. Mimi niko salama, baridi inaanza kupungua, nimehamia chumba kingine karibu zaidi na kazini, kina dirisha linalotazama ukuta. Ungekiona ungecheka, kioo chenyewe kimepasuka na wamekibandika mkanda.

Niliposoma kwamba mama anakuja nilikaa kitandani na viatu vyangu. Kaka, sina la kukulipa kwa hilo.

Ila saa hiyo haifai. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni saa mbaya sana hapa. Ndege nyingi zinatua kwa pamoja, watu wanajaa, na mimi asubuhi nakuwa nimebanwa kazini siwezi kutoka. Tafadhali tafuta ya kutua jioni. Ipo inayoondoka huko asubuhi, naijua, inatua hapa saa mbili usiku. Jioni nitakuwa huru kabisa, nimeoga, nimevaa vizuri.

Ukishabadilisha niambie, ndipo nitaandika hilo neno.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Nyumbani salama. Mkuu wa shule amelipa nusu, hiyo nusu nyingine anasema iko njiani, naona inakuja kwa miguu. Mama hajambo, amekusalimu.

Umeniambia nibadilishe saa kama mtu anayeniambia nigeuze mto wa kitanda. Nimefunga duka nikaenda kwa Mama wa Tiketi. Ofisi yake ni upana wa mlango na nusu, kati ya kinyozi na duka la simu, feni inamwelekea yeye peke yake. Ana miwani mbili, moja ya kukutazama wewe na nyingine ya kutazama kompyuta, na anabonyeza kwa kidole kimoja kama anajaribu joto la pasi. Kila nikiuliza kitu ananijibu mfumo. Mfumo umekataa. Mfumo unafikiri. Mfumo umerudi ila hautaki jina lenye nafasi katikati. Nikamwambia mama yangu alizaliwa na nafasi hiyo katikati, aupe mfumo pole.

Tulikaa mpaka kinyozi akafunga. Kubadilisha saa tu, mama yule yule, begi lile lile, uwanja ule ule, wametoza sehemu moja kati ya tano ya nauli. Halafu wakaniongezea tofauti ya bei kwa sababu eti asubuhi ni ghali kuliko usiku. Nikauliza kama nikishuka kutoka bei ya juu kwenda ya chini wao watanirudishia tofauti. Akavua miwani ya kunitazama.

Na hapa nina swali ambalo nimelimeza kwa heshima tangu nisome barua yako. Mtaa mzima unajua unafanya kazi na mandege. Mama kila anayepita dirishani anamwambia, mwanangu yuko ofisi ya ndege. Sasa ofisi gani hiyo ambayo mtu hawezi kumwambia mwenzake wa meza ya pili, sogeza mama yangu kwenye ndege ya jioni? Mimi hapa nikitaka kioo cha rangi ambacho duka letu halina, nampigia mtu simu. Wewe uko ndani, mimi niko nje nalipa faini. Hilo hesabu yake sijaipata.

Haya, limefanyika. Tarehe 14, kuondoka saa nne asubuhi, kutua saa mbili usiku. Kuna ombi dogo nililoandikisha kwenye tiketi tangu mwanzo, na saa ikibadilika linafutika, ikabidi liandikishwe upya. Usiniulize ni ombi gani, ni mambo ya watu wazima.

Liandike neno.

Fundi Vioo


19 Aprili

Kaka, shikamoo.

Natumaini nusu ya pili imefika. Nimepata mafua yakaisha. Juzi nilipiga simu, wifi akapokea, akasema subiri mama anakuja, nikasubiri mpaka salio likaanza kunitisha. Zamani simu ikilia mama alikuwa anafika kabla mlio wa pili haujaisha. Alipokuja nilisikia mtu anahema. Niambie kweli, ni mzima? Na ombi hilo ni la nini, chakula? Kama ni chakula niambie, hapa maombi ni ya aina nyingi, kuna yanayofika na kuna yanayopotea.

Kaka, usikasirike. Najua utakasirika, ila soma mpaka mwisho.

Wamebandika ratiba ya mwezi wa sita na zamu zetu zimegeuzwa. Mimi nimetupwa jioni, saa nane mchana mpaka saa nne usiku. Ile saa mbili usiku uliyoilipia ndiyo imekuwa mbaya, na ile ya asubuhi niliyokukatalia ndiyo ingekuwa nzuri. Naomba uirudishe ya kwanza. Ningelijua mapema nisingekusumbua.

Sikuweza kulala kabla ya kukuandikia hili, na bado sikuweza kulala baada ya kuliandika.

Mdogo wako


6 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Sote wazima.

Nimekaa wiki mbili bila kujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, na wewe bado ni mtoto wa mama yangu.

Mimi ni mkata vioo. Kioo ukishakikata kifupi hakirefuki, hata ukikibembeleza. Ndiyo maana mteja akija dukani nampima, nampima tena, namwuliza ana hakika, ndipo naweka chuma cha kukatia. Wewe ulipimwa. Nilikuuliza. Ukasema jioni, umeoga, umevaa vizuri. Nikakata.

Nimerudi kwa Mama wa Tiketi. Aliponiona tu akabadili miwani. Ile ndege ya kwanza, saa tatu usiku, imejaa, mfumo umesema. Iliyopo ni ya saa tisa usiku wa manane, tarehe 14, inatua kwenu saa saba mchana siku hiyo hiyo. Nimelipa. Faini ya pili, tofauti ya pili, na ombi limeandikishwa mara ya tatu. Ukijumlisha faini peke yake, bila tofauti, bila nauli ya kwenda kwa yule mama, bila siku mbili za duka kufungwa, tumekula sehemu mbili kati ya tano za tiketi na mama bado yuko dirishani. Tukiendelea hivi tutanunua tiketi nyingine nzima ya mtu asiyekuwepo.

Tena nijibu, na safari hii usizunguke. Ofisi gani ina zamu? Mimi nina shemeji mlinzi, ana zamu. Nina jirani wa kiwanda cha unga, ana zamu. Wenye ofisi ninaowajua wana kiti cha kuzunguka na mlango wa kufunga saa kumi. Sikulaumu, nauliza tu.

Mama aliniuliza juzi kama umesema utakuwa umesimama. Nikamwambia umesema. Sijawahi kumdanganya yule mwanamke kitu kikubwa zaidi ya bei ya nyama. Ameshaanza kupanga nguo kitandani, anazikunja, anazikunjua. Kama unapanga kunifanya mwongo, nijulishe mapema ili nijue nasimamaje mbele yake.

Kuhusu simu: mama hana haraka siku hizi. Ombi ni langu na mama.

Fundi Vioo


20 Mei

Kaka, shikamoo.

Saa saba mchana ni sawa. Nimebadilishana zamu na mwenzangu mmoja tunayemwita Mrefu. Siku hiyo yeye atachukua jioni yangu na mimi nitachukua alfajiri yake. Naingia saa kumi alfajiri, natoka saa sita. Saa moja inanitosha kuoga na kubadili nguo. Saa saba ikigonga niko kwenye ule ua wa chuma wanaposimama wanaopokea watu, nimevaa lile gauni la bluu alilonishonea mama.

Msomee: nitakuwa nimesimama.

Kuhusu ofisi, tutaongea akija.

Mdogo wako


13 Juni, saa tisa alasiri

Mdogo wangu,

Sina salamu, sina nafasi ya salamu.

Nimekupigia simu mara tisa, imezimwa. Nimetuma ujumbe, haukufika. Sasa naandika hapa dukani nimesimama, wifi yako anafunga begi la mama.

Shirika limeandika. Ndege ya saa tisa usiku imefutwa. Hawakusema kwa nini, wamesema tu wanasikitika. Abiria wote wamehamishiwa ndege ya leo saa tatu usiku. Ndiyo, mdogo wangu. Ile ile. Ile niliyoinunua mwezi wa tatu kabla hujanifungulia kinywa, ile iliyokuwa imejaa mpaka mfumo ukaapa. Imepatikana nafasi, tena bila faini, kwa sababu wao wakibadilisha saa ni bure. Nimelipa mara mbili kurudi pale pale nilipoanza. Mama wa Tiketi safari hii alivua miwani zote mbili, akanigeuzia feni, na ndicho kitu cha kwanza cha maana alichowahi kunifanyia.

Anatua kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wakati huo wewe uko kazini, kwa zamu uliyobadilishana ili usiwe kazini. Omba ruhusa. Lia. Jifanye umezimia. Fanya lolote.

Na sasa nikuambie ombi lenyewe, maana ukimpokea bila kujua utaanguka wewe. Mama hatembei. Si kwamba anatembea taratibu. Hatembei. Maumivu yalianza magotini mwaka jana baada ya mvua, yakapanda, sasa nambeba mimi kutoka kitandani hadi dirishani na jioni namrudisha. Ombi ni la kiti cha magurudumu kutoka mlango wa ndege. Daktari alisema kama ni kusafiri basi ni mwaka huu, mwakani tusimwulize. Mama alinikataza nisikwambie. Alisema ukijua utamwambia asije, utarudi wewe, na utapoteza ofisi. Nilimtii. Ndiyo maana sikujibu ulipouliza.

Kabla ya kumpandisha garini ataniuliza tena. Nitamwambia unajua saa imebadilika na umesema umesimama. Huo ni uongo wa pili. Nitarudi nyumbani nikijua mama yuko angani kwa ajili ya neno langu.

Isome hii. Tafadhali isome.

Kaka


16 Juni

Kaka, shikamoo.

Mama yupo. Amekula, amelala, ameamka, amesema mto wangu una mabonde. Ameniagiza nikuambie hajachoka. Hayo ulishayasikia kwa simu yake ya dakika mbili, najua, ila mengine hakuyasema kwa sababu Mrefu alikuwa amesimama anasubiri simu yake.

Barua yako niliisoma juzi saa saba mchana, nikiwa nimeketi karibu naye. Ulipopiga nilikuwa zamu ya jioni, na nilipotoka nililala bila kuiwasha simu ili niamke saa nane usiku. Kazini simu zinazimwa na kufungiwa kwenye makabati mpaka zamu iishe.

Sasa nikujibu swali lako. Mimi sikusema ofisi hata siku moja. Nilisema nimepata kazi uwanja wa ndege. Ofisi mliijenga ninyi huko, mkaipaka rangi, mkamweka mama dirishani kuitangaza, na mimi nikashindwa kuja kuibomoa. Kazi yangu ni kusukuma viti vya magurudumu. Nampokea mgonjwa kwenye mlango wa ndege, namtoa mpaka nje, narudi kumchukua mwingine. Navaa kofia na kizibao cha njano. Mwaka wa nne huu. Ndiyo maana nilizihangaikia zile saa, sikutaka mama atoke ndegeni anikute hivyo. Nilitaka anikute nje, na gauni.

Na wewe, kaka, katika watu wote wa dunia hii uliyemficha habari ya kiti ni msukuma viti. Ulikuwa unaandikisha ombi mara tatu kwa yule mama wa miwani, linafutika, unaliandikisha tena, na mimi hapa ndiyo kazi ninayolala nayo na kuamka nayo. Ungesema neno moja mwezi wa tatu ningekuambia wapi pa kuandika na nani wa kuuliza, na nisingegusa hiyo saa. Nimekasirika nawe. Na bado nimemwogesha mama kwa mikono hii hii ninayokuandikia.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Saa kumi na mbili msimamizi akanipa karatasi. Karatasi zetu hazina majina, zina namba ya ndege, namba ya kiti alichokaa mtu na herufi ya kuonyesha anatembea kiasi gani. Ya kwangu ilisema hatembei kabisa. Sikuwaza lolote, kwangu mama alikuwa wa saa saba. Nikapeleka kiti mpaka mlango wa ndege, nikafunga breki, nikasubiri abiria wote washuke. Wa viti hutoka mwisho.

Wahudumu wakamleta kwenye kile kiti chembamba cha kupita katikati ya safu. Sikuanza kuuona uso. Niliona viatu. Vile vya kahawia nilivyomtumia mwishoni mwa mwaka jana. Soli zake mpya kabisa, safi, kama vilivyotoka kwenye boksi. Nikasimama pale nikizitazama soli, nikaelewa kabla sijainua kichwa.

Mama akanitazama kuanzia kofia mpaka chini, taratibu, kama anavyotazama kitambaa kabla hajauliza bei. Kisha akauliza:

"Wewe ndiye unayesukuma?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Na aliyesimama ni nani?"

Nikamhamishia kwenye kiti changu, nikamfunga mkanda, nikamfunika miguu, nikasukuma. Njia nzima hakuongea nami. Aliongea na wengine. Kila mfanyakazi tuliyempita, mfagiaji, mlinzi, wa kukagua pasipoti, alimwonyesha kidole juu ya bega lake kuelekea kwangu na kumwambia huyu ni wangu. Hawajui lugha yetu. Wote waliitikia kwa kichwa.

Sasa kuna sheria yetu. Anayesukuma haruhusiwi kumwacha mgonjwa hivi hivi. Anamkabidhi kwa ndugu pale kwenye ule ua wa chuma, ndugu anatia saini kwamba amempokea. Tukatoka nje na hakuna ndugu. Watu wa kila rangi wamejipanga na maua na mabango, wa mama hayupo. Mama akaona lile pengo. Uso wake ukaanza kubadilika, na nikakumbuka stendi yenu na mabegi.

Akaniambia, "Niache hapa. Nenda kasimame kule wanaposimama wanaopokea watu wao."

Mrefu, aliyechukua jioni yangu, alikuwa anapita hapo akitoka kibarua chake cha usiku kwenye ghala la mizigo, kofia mkononi. Nikampa kiti. Nikaruka ule ua, nikajipenyeza kati ya mtu wa maua na mtu wa bango, nikageuka, nikasimama. Na kizibao changu, na kofia. Mrefu akamsukuma mama zile hatua zilizobaki, polepole, kama anamleta mtu ambaye sijawahi kumwona.

Mama akafika mbele yangu, akasema, "Haya. Umesimama."

Basi. Hapo ndipo akanipa mikono.

Karatasi ya siku ile ina saini yangu mara mbili, upande wa aliyemleta na upande wa aliyempokea. Msimamizi aliniita kuniuliza kama nimekosea. Nikamwambia sikukosea. Akaitazama, akamtazama mama, akaiweka kwenye faili. Zamu yangu ilikuwa haijaisha, kwa hiyo mama alikaa kwenye chumba chetu cha kupumzikia, kati ya ndoo na makoti, anakula mkate wa wenzangu na kuwakagua. Alipomwona mmoja anajinyoosha mgongo, aliniambia sasa ameelewa kwa nini mabega yangu yamepanuka kwenye picha. Alidhani ni unono wa ofisini.

Gauni la bluu nililivaa jioni. Akasema limenibana.

Mdogo wako


24 Juni

Mdogo wangu,

Salamu za nyumba nzima. Nusu ya pili ya mkuu wa shule imefika, pungufu ya kioo kimoja anachodai kilikuja na ufa. Ufa ameutia mwanawe kwa mpira, nina mashahidi. Dirishani kwa mama hakuna mtu, na wapita njia wameanza kuniuliza mimi habari zao wenyewe.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nimepata la kukasirikia jipya, kwa hiyo nimeacha kuisoma.

Wewe umenikasirikia, sawa. Na mimi nimekukasirikia. Miaka minne nimewaambia wateja dada yangu ana ofisi, na kuna mmoja nilimpunguzia bei ili aendelee kusubiri tiketi niliyomwahidi kutoka kwako. Hiyo sitaidai. Faini mbili nitazidai mpaka nizeeke. Nimewaandikia shirika: kama nilifutiwa ndege na kurudishwa kwenye saa yangu ya kwanza, basi mabadiliko yote ya katikati hayakutokea, na kitu ambacho hakikutokea hakina bei. Wamejibu wanasikitika. Nimewaandikia tena. Kati yangu na wao tutaona nani atachoka, mimi nimezoea wenye shule.

Mtaani wameniuliza. Nimewaambia kazi yake ni kuwapokea wasiotembea kwenye mlango wa ndege. Yule jirani wa kiwanda cha unga akauliza kama kuna nafasi.

Sasa tuje kwenye kurudi. Tarehe 11 Septemba, na leo asubuhi wameshaandika kwamba wamesogeza saa. Ilikuwa mchana, imekuwa alfajiri. Nimekaa na kidole juu ya simu nikitaka kumpigia Mama wa Tiketi, nikakiondoa. Hakuna kubadilisha. Itue wanapotaka kuitua. Ombi la kiti liandikishe wewe, huko huko, kwa kazi yako na kwa kalamu yako, na wewe mwenyewe ndiye utakayemsukuma kwenda. Zamu yako nitajie kabla, si baada.

Kitu kingine. Akirudi sitambeba tena. Mgongo wangu umeniambia, na yeye mwenyewe hajawahi kupenda, anasema jasho langu linanuka puti ya kubandikia vioo. Nanunua kiti. Mlango wa chumba chake ni mwembamba, kwa hiyo navunja ukuta upande wa dirisha na kuweka mlango mpana wa kioo, atoke na kuingia kwa magurudumu yake na bado aone barabara. Nipimie kiti unachosukuma, upana wake nje kwa nje, gurudumu mpaka gurudumu, na mikono ya mtu ikiwa juu yake. Pima mara mbili. Halafu mpe Mrefu naye apime.

Ukimaliza, mwulize mama kama yuko tayari kusikia nani atampokea huku. Lile neno sitaliandika humu. Jumapili sikati vioo tena, nitapiga simu asubuhi. Iweke spika.

Kaka yako,
Fundi Vioo